Mkate wa Mahindi, Sukari na Kinu

Msikilizaji, leo hapa Hola sina la kaunti wala la bajeti. Nimeingia jikoni. Nataka tuongee juu ya mkate wa mahindi, na najua fika kwamba nusu yenu mtakuwa mmenikasirikia kabla kipindi hakijaisha, kwa maana chakula hiki kina vyama vyake, na kila chama kina wakereketwa.

Chama cha kwanza ni cha watu wa mwambao, hasa waliotujia kutoka Lamu, Malindi na Mombasa. Mkate wao huanza na tui zito. Unga wa mahindi huvurugwa kwa tui la vuguvugu, ukatiwa hamira, sukari ya kutosha na iliki iliyotwangwa, ukaachwa hadi uumuke, ndipo unapomiminwa kwenye sufuria iliyopakwa mafuta na kupaliwa makaa juu ya kifuniko. Ukitoka una rangi ya hudhurungi na harufu ya harusi. Hao ukiwaambia habari za mkate usio na sukari watakuuliza kama kuna mgonjwa nyumbani.

Chama cha pili ni cha muufo. Huu ni wa ndugu zetu Wasomali, na katika barabara hii ya kwenda Garissa si mgeni hata kidogo. Wazee wa Lamu nao wana mofa yao, ya mtama, inayookwa katika tanuri la udongo kwa namna ileile, na udugu wa mikate hii miwili hauhitaji shahidi. Nimesimama mara nyingi nyuma ya nyumba ya bibi mmoja hapa mjini nikimtazama akifanya kazi hiyo. Tanuri lake ni kama mtungi mkubwa uliofukiwa nusu ardhini, makaa yakiwa chini kabisa. Anachovya mkono kwenye bakuli la maji, anachota donge la unga uliolala tangu jana, analibapanya kiganjani, kisha anainama na kulibandika ubavuni mwa tanuri kwa kofi moja. Mkono unaingia na kutoka kabla moto haujajua. Donge likiwa legevu mno huteleza likaangukia makaani, na hapo bibi hutoa neno ambalo siwezi kulirudia hewani. Ndani ya unga ule mna chumvi, basi. Sukari ikitaka kuja itakuja baadaye, juu, pamoja na samli, na chai ya maziwa pembeni.

Chama cha tatu ni kidogo lakini kina hoja. Ni cha wale wa kandokando ya mto wetu, wenye migomba. Mama mmoja Mpokomo, jirani yangu, huponda ndizi mbivu sana, zile ambazo ganda limeshaanza kuwa jeusi, akazichanganya na unga wa mahindi na maji kidogo, hakuna sukari, hakuna maziwa. Mkate wake ni mzito, mweusi-mweusi, na unakaa tumboni mpaka alasiri. Watu wa Malawi na Zambia wanaujua mkate wa namna hii kwa jina la chikondamoyo, nao wanauoka vivyo hivyo, moto juu na moto chini.

Wa nne ni ndugu zetu wa bara waliokuja kwa ajili ya skimu ya umwagiliaji. Hao hawana ugomvi na yeyote. Kwao mahindi ni ya ugali na githeri, na mkate ni ule wa pakiti, wa ngano, uliosafiri kwa lori usiku kucha. Hawa ndio ninaotaka kuwashawishi leo.

Sasa msikilizaji, usidhani sisi ndio wagomvi peke yetu. Katika majimbo ya kusini ya Marekani, Tennessee, Georgia, Alabama, Mississippi na majirani zao, mkate wa mahindi ndio mkate wenyewe. Watu wa kule walijifunza mahindi kutoka kwa wenyeji wa ardhi ile, Wacherokee, Wachoctaw, Wacreek, na miongoni mwa walioyapika kwa miaka mingi ni Waafrika waliokuwa watumwa, ambao posho yao ya wiki ilikuwa unga wa mahindi na kipande cha nyama ya nguruwe. Katika mji mdogo wa South Pittsburg, Tennessee, kulianzishwa tamasha la kitaifa la mkate huu mwaka 1997. Hawakuchagua mji huo kwa kubahatisha. Ndiko kuliko na kiwanda cha Lodge, kilichoanza mwaka 1896, kinachosubu vikaango vizito vya chuma, na watu wa kule watakuapia kwamba bila kikaango cha chuma hakuna mkate.

Kule nako wana vyama. Wahafidhina wanasema: unga mweupe, maziwa lala, yai, chumvi, beking soda, na mafuta ya nguruwe kwenye kikaango, ambayo hapa Hola hatuna haja ya kuyataja mara mbili. Sukari na unga wa ngano, wanasema, ni mambo ya watu wa kaskazini, na ukitia sukari wewe umeoka keki. Lakini uingie katika nyumba nyingi za Wamarekani weusi, humohumo kusini, utakuta sukari kwenye mkate, na mpishi atakutazama usoni akingoja ufungue mdomo. Halafu kuna ugomvi wa rangi ya unga wenyewe, mweupe au wa manjano, na huo unafuata mipaka ya majimbo na hata ya vijiji.

Na tayari wapo watu wa upande wetu walioingia katikati ya ugomvi huo. Kuanzia mwaka 2003, Wabantu wa Somalia zaidi ya 10,000, watu wa bonde la mto Juba, walichukuliwa kutoka makambi yetu ya wakimbizi wakapelekwa Marekani. Miongoni mwao mna Wazigua, ambao babu zao walivushwa bahari utumwani kutoka Tanzania katika karne ya 19. Baadhi yao wanaishi Clarkston, Georgia, wengine Nashville, Tennessee. Watu waliokulia kwenye mahindi ya Juba sasa ni majirani wa watu wa kikaango.

Rangi nayo ina kisa ambacho Mkenya anapaswa kukijua. Sisi huku hatutaki mahindi ya manjano. Ukame wa 1984 ulipobana na serikali ikaagiza shehena za mahindi ya manjano kutoka nje, Marekani ikiwemo, watu waliyala huku wamekunja uso, wakisema ni chakula cha kuku, kina harufu, hakina ladha. Wakubwa wetu hapa bado wanayakumbuka. Basi jiulize: mapenzi haya ya mahindi meupe tuliyapata wapi? Mahindi yalipofika mwambao na Wareno yalikuwa ya kila rangi. Weupe huu wa nchi nzima ni wa juzi, wa walowezi. Mwanzoni mwa karne ya 20 walileta kupitia Afrika Kusini mbegu nyeupe za Kimarekani, na mojawapo iliitwa Hickory King, mbegu ya Virginia, yenye punje pana na bapa. Waliipenda nyeupe kwa sababu viwanda vya wanga vya Uingereza vililipa vizuri zaidi kwa mahindi meupe. Kutokana na mchanganyiko wa mbegu hizo yakapatikana mahindi ya Kitale, na mwaka 1964 watafiti wa Kitale wakayaoanisha na mahindi ya Ecuador wakatoa H611, haibridi ya kwanza ya aina yake iliyoenea kwa wakulima wadogo.

Na hiyo Hickory King, huko kwao kusini, mpaka leo ni kipenzi cha wahafidhina wa unga mweupe. Kwa hiyo bibi wa Tennessee anayekataa unga wa manjano na mama wa Hola anayekataa unga wa manjano wanatetea ukoo mmoja wa mbegu, na hawajuani. Mimi sina chuki na manjano. Ile rangi ni kiini cha vitamini A ambayo nyeupe haina. Lakini sitawadanganya, nikienda sokoni nachagua nyeupe kama nyinyi.

Turudi kwenye sukari, maana hapo ndipo ninapotaka kusimama. Waandishi wa historia ya mapishi ya kusini mwa Marekani wametoa maelezo ambayo, nikiyapima kwa tunayoyaona hapa, nayakubali. Wanasema zamani mahindi yaliachwa shambani hadi yakakauka kwenye bua, yakasagwa polepole na mawe yaliyozungushwa kwa nguvu za maji, punje nzima, pamoja na kiini chake. Unga ule ulikuwa wa chengachenga, una mafuta, una utamu wa nafaka yenyewe. Haukuhitaji sukari. Kisha vikaja vinu vya rola za chuma. Hivyo vinasaga upesi, vinaondoa kiini kwa sababu mafuta yake huufanya unga uchache dukani, na vinatoa unga laini unaokaa miezi. Utamu ukaenda na kiini. Wapishi walipouonja mkate wao wakaona umekuwa kama kadibodi, wakaongeza sukari, wakaongeza na ngano ili ushikane. Wajukuu wao wakakua wakidhani sukari ilikuwemo tangu hapo.

Sasa njoo Hola. Nenda kwa mashine ya kusaga na debe lako la mahindi, simama hapo na vumbi jeupe likikujaa nyusi, tia mkono kwenye unga ukiwa bado moto kutoka kwenye bomba, unuse. Halafu nenda dukani ufungue pakiti ya gredi ya kwanza, unuse na hiyo. Sihitaji kuendelea. Unga wa pakiti hauna kosa, ni safi, na tangu mwaka 2012 sheria inavitaka viwanda viutie vitamini na madini, yaani kurudisha kwa mlango wa nyuma baadhi ya vilivyotolewa kwa mlango wa mbele. Lakini mkate ukiuoka kwa unga huo bila sukari, utakuwa unatafuna hewa. Wale wa chama cha sukari, kwa kiasi kikubwa, wanapika kwa unga wa pakiti. Wale wa muufo na wale wa ndizi mara nyingi wanapika kwa unga wa mashine. Mnagombana kuhusu sukari, kumbe mmetoka kwenye vinu tofauti.

Unga wa mashine una masharti yake lakini. Yale mafuta yale ndiyo yanayouchachisha, kwa hiyo saga wa siku chache, usijaze pipa. Na mahindi yenyewe yawe makavu kabisa. Huku kwetu, mafuriko yakishapita na ghala likawa na unyevu, ukungu huingia bila kupiga hodi. Mwaka 2004 sumu ya ukungu huo, aflatoksini, iliua watu 125 nchini, wengi wao Makueni na Kitui, watu waliokula mahindi ya shambani mwao. Punje yenye kijani au yenye kuvunda haiponi kwa kusagwa wala kwa kuokwa. Itupe, na kuku usimpe.

Haya, chukua kalamu. Mkate ninaoutaka mimi ni wa kikaango, kwa desturi ya kule, kwa mali ya huku. Unga wa mashine vikombe viwili. Maziwa lala kikombe kimoja na nusu, ya ng'ombe, yaliyoganda vizuri. Ukipata ya Waorma yenye harufu ya moshi wa kibuyu, umepata. Mayai mawili. Chumvi kijiko kidogo, beking soda nusu kijiko kidogo, beking pauda kijiko kidogo kimoja. Uchachu wa maziwa na ile soda vikikutana vinatoa povu, na povu hilo ndilo hamira yako, kwa hiyo usichanganye ukaenda kusalimia jirani. Changanya chombo kikiwa tayari motoni.

Chombo ndicho siri. Kama una kikaango cha chuma kizito, shukuru. Kama huna, sufuria nene ya aluminiamu itafaa, lakini ile nyembamba ya bei rahisi itaunguza chini na kuacha juu mbichi. Tia samli vijiko vitatu vikubwa, weka jikoni, na usiwe na haraka. Samli iyeyuke, itulie, ianze kutoa moshi mwembamba. Kijiko kimoja cha samli hiyo ya moto kimimine kwenye uji wako wa unga, koroga mara moja, halafu mimina wote chomboni. Lazima ulie. Nasema lazima ulie, chwaaa, kama kitunguu kwenye mafuta. Usipolia, moto haukutosha, na utakachopata ni sima iliyokauka. Ule mlio ndio unaotengeneza gome la chini, na gome hilo ndilo watu wanaloligombea mezani.

Funika kwa sinia la bati, weka makaa juu, mengi juu kuliko chini. Hapa mathenge inafaa. Mti huu tulioletewa Bura miaka ya 1980 ili watu wa skimu wapate kuni, umekuja kutuzibia njia, kutuchoma miguu na kuwang'oa mbuzi wetu meno. Mimi siusamehe. Ila makaa yake ni mazito na yanashika moto muda mrefu, na kila mkate unaookwa kwa mathenge ni kichaka kimoja pungufu. Baada ya dakika 20 au 25 inua sinia. Kingo zikiwa zimeachana na chombo na katikati pakibonyezwa panarudi, toa, pindua kwenye sahani, gome likae juu.

Sukari? Kwa unga wa mashine, hapana. Kwa unga wa pakiti, kijiko kimoja kikubwa, nami nitageuza uso.

Mtu wa bara ataniuliza, kwa nini nijisumbue wakati mkate wa duka upo? Nitamjibu kwa kumwonyesha dirishani. Tumekaa juu ya skimu. Mifereji ya Hola ilianzishwa mwaka 1953 na ilichimbwa kwa jasho la wafungwa wa vita vya ukombozi, Mau Mau, na tarehe 3 Machi 1959 kumi na mmoja kati yao walipigwa hadi kufa hapa kwa kukataa kazi hiyo, na serikali ya kikoloni ikatangaza kwanza kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Miaka mingi skimu ililima pamba, ambayo hakuna aliyeila. Mwaka 1989 mto ukahama mkondo, pampu zikabaki zikitazama mchanga, na kilimo kikasimama. Ulipofufuliwa mradi, mahindi yakaingia, ya kula na ya mbegu. Leo punje za Hola na Bura zinapakiwa kwenye magunia zikaoteshwe kwingine, na sisi tunangoja lori la mkate wa ngano, ambayo kwa sehemu kubwa nayo imenunuliwa ng'ambo. Barabara ikikatwa na mafuriko pale kuelekea Garsen, kama ilivyokatwa mara nyingi, mkate unakosekana mji mzima huku mahindi yamelala ghalani. Hilo mimi linaniudhi kuliko sukari.

Lakini mkate huu usiule peke yake. Watu wa kusini mwa Marekani waliadhibiwa kwa hilo. Mwanzoni mwa karne ya 20 maelfu ya maskini wao waliugua pelagra, ngozi ikibabuka, tumbo likiharisha na akili ikivurugika, na wengi walidhani ni ugonjwa wa kuambukiza. Daktari mmoja wa serikali, Joseph Goldberger, aliyekabidhiwa kazi hiyo mwaka 1914, akaonyesha kwamba ulitokana na chakula: mahindi, asali ya miwa na nyama ya mafuta, siku zote, bila maziwa, mayai wala maharagwe. Wenyeji wa zamani waliochemsha mahindi yao kwa maji ya majivu hawakuupata, kwa kuwa majivu huifungua vitamini inayozuia ugonjwa huo, iliyofungika ndani ya punje. Sisi hatuna haja ya majivu maadamu mto upo. Mkate huu na kambare wa kupaka, au na kunde za nazi, ni mlo uliokamilika. Mayai na maziwa yaliyomo ndani yake nayo ni nyongeza.

Ukibaki hadi kesho yake utakuwa mkavu, na hapo watu hufanya kosa la kuupasha moto. Usiupashe. Kule Tennessee wazee huuvunja vipandevipande kwenye bilauri ndefu, wakamimina maziwa lala baridi juu yake na kuula kwa kijiko, jioni, barazani. Nilimpelekea mzee mmoja wa Kiorma wa hapa Hola bakuli la namna hiyo, na maziwa yalikuwa ya ng'ombe wake mwenyewe. Alikula yote, akafuta ndevu, akasema maziwa ni mazuri.